Somo: Namna ya kutumia neno "skill" bila kubabaika

Wengi tunajua kuwa skill ni ujuzi au ustadi, tukaishia hapo. Halafu mtu anaandika "He has a good skill of football" na kushangaa kwa nini amesahihishwa. Maana ameipata vizuri, sarufi ndiyo imemwangusha.

Kwanza, matamshi. S na k zinafuatana bila irabu katikati, kwa hiyo usiseme "sikili". Irabu yenyewe ni fupi, iko kati ya i na e yetu.

Pili, na hapa ndipo kazi ilipo: jiulize kama ustadi unaoutaja unahesabika. Ukitaja jambo mahususi ambalo mtu hujifunza, kama kuogelea au kusoma ramani, linahesabika: "Swimming is a useful skill." Yakiwa mengi, "She has many skills." Ukizungumzia umahiri kwa jumla, ule unaoonekana kazi ikifanyika, hauhesabiki, kwa hiyo hauchukui a wala s ya wingi: "He drove with great skill", yaani aliendesha kwa ustadi mkubwa. Vivyo hivyo "It takes skill to cut glass." Mimi hutumia kipimo hiki: wazo likikubali "kwa ustadi", a naiacha, likikubali "stadi mojawapo", naiweka. Hakimo vitabuni, ila mara nyingi kinatosha.

Tatu, kihusishi. Sisi tunasema ujuzi wa kupika, ujuzi wa kuendesha, na hiyo "wa" inabeba kila kitu. Ndiyo maana of hututoka ovyo tukiandika Kiingereza. Ukieleza uwezo alionao mtu, tumia in au at, na kitenzi kinachofuata kichukue -ing: "her skill in handling children", "his skill at cooking". Of si haramu. Inafaa pale unapoupa ustadi jina lake, kama "the skill of listening". Njia nyepesi kuliko zote ni kutanguliza jina la ustadi: driving skills, writing skills. Hapo wingi ndio mazoea.

Nne, vivumishi. Skilled ni aliyefunzwa kazi yake, "a skilled electrician", au kazi yenyewe inayodai mafunzo, "a skilled job". Skilful husifu namna jambo lilivyofanyika, kwa mfano pasi murua uwanjani: "a skilful pass". Waingereza huandika skilful, Wamarekani skillful. Chagua tahajia moja ushikamane nayo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, talent na skill si kitu kilekile?
Jibu: Hapana. Talent ni kipaji, mtu huzaliwa nacho. Skill hupatikana kwa kujifunza na kufanya mazoezi. "Learn a skill" ni sawa kabisa. "Learn a talent" itamshangaza anayekusikiliza.

Swali: Kwenye wasifu wa kazi niandike "I have computer skill"?
Jibu: Ongeza s: "I have good computer skills." Ila sentensi hiyo kila mwombaji anayo. Taja programu unazozimudu na unachofanya nazo.

Swali: Kumwita mtu "unskilled worker" ni tusi?
Jibu: Ni istilahi ya ajira, humaanisha mfanyakazi wa kazi isiyodai mafunzo maalumu. Kwenye ripoti utaikuta. Kumwambia mtu usoni ni jambo jingine, anaweza kuona umemdharau, na binafsi nisingemlaumu.

Swali: "I am skill in drawing" inakubalika?
Jibu: Haikubaliki, kwa sababu skill ni nomino na wewe unahitaji kivumishi: "I am skilled in drawing." Hata hivyo, katika maongezi ya kawaida utasikia zaidi "I'm good at drawing." Anza na hiyo.