Namna ya Kusafisha na Kutunza Mawe ya Asili Nyumbani

Mawe ya asili yaliyotandikwa sakafuni au kuwekwa juu ya kaunta huharibiwa na usafi usiofaa mara nyingi zaidi kuliko yanavyoharibiwa na uchafu wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yoyote, ni lazima ujue jiwe ulilonalo ni la jamii gani, kwa kuwa dawa isiyodhuru jiwe moja yaweza kulila jingine kwa dakika chache tu.

Kwa matumizi ya nyumbani, inatosha kuyagawa mawe katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la marumaru, mawe ya chokaa na travetini (jiwe la jamii ya chokaa lenye vitundu vingi), ambayo kwa kawaida yameundwa hasa na kalsiamu kaboneti na hayastahimili tindikali. Kundi la pili ni la graniti na mawe mengine yenye kwatzi na madini magumu ya namna hiyo, ambayo hayatishwi na siki wala maji ya limau. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja la siki mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ukingo wa kaunta: likitoa mapovu, jiwe hilo ni la kundi la kwanza. Usijaribu mahali pa wazi, maana tone hilohilo litaacha alama.

Usafi wa kila siku ni rahisi, ingawa wengi huufanya kwa pupa. Anza kwa kuondoa vumbi kwa ufagio laini au dekio kavu. Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu punje za mchanga kwa kawaida ni kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, ilhali madini ya marumaru yana ugumu wa 3 tu; anayepiga deki sakafu ya marumaru yenye mchanga anaisugua kwa msasa bila kujua. Baada ya hapo tumia maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni isiyo na tindikali wala magadi makali, kisha suuza kwa maji safi na ukaushe kwa kitambaa laini. Sabuni ikizidi huacha utando unaofifisha mng'ao, na maji yakiachwa yakauke yenyewe huacha chumvi zake juu ya jiwe. Steelwool na unga wa kusugulia masufuria viwekwe mbali kabisa.

Kimiminika kikimwagika, kigandamize kwa kitambaa kinachonyonya badala ya kukipangusa, kwani kupangusa hukieneza.

Alama ikibaki, kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulichanganya. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, na kwa kawaida hulifanya liwe na rangi nzito zaidi. Lakini alama ya tindikali ni sehemu ya jiwe iliyoliwa ikatoweka, nayo huonekana kama bato lililofifia ambalo hutambulika vizuri ukilitazama kwa upande dhidi ya mwanga. Doa huweza kuvutwa nje, bali sehemu iliyoliwa hairudishwi kwa kusafisha, hata ungesugua kutwa nzima. Hurudishwa kwa kupigwa msasa na kung'arishwa upya. Bato dogo kwenye marumaru iliyong'arishwa unaweza kulishughulikia mwenyewe kwa unga maalumu wa kung'arishia marumaru, ila sakafu nzima mwachie fundi.

Ili kuvuta doa, tengeneza rojo zito. Kwa doa la mafuta, changanya bikaboneti ya soda na maji. Kwa doa la chai, kahawa au divai, tumia haidrojeni peroksidi hafifu badala ya maji, lakini ijaribu kwanza pembeni kwa sababu huweza kupausha mawe meusi. Paka rojo hilo kwa unene wa takribani nusu sentimita, lipite kidogo mipaka ya doa, kisha lifunike kwa nailoni na ubandike kingo zake. Baada ya saa 24 ondoa nailoni na uliache rojo likauke kabisa, kwa kuwa ni wakati wa kukauka ndipo linapolivuta doa kutoka kwenye vitundu vya jiwe. Likwangue kwa kipande cha plastiki, usuuze, na urudie ikiwa doa limepungua tu bila kwisha. Madoa ya kutu ni sugu zaidi, na dawa nyingine za kutu zina tindikali ya haidrofloriki, ambayo ni hatari kwa mwili na hula hata graniti.

Dawa ya kuziba vitundu husaidia kuchelewesha kufyonzwa kwa vimiminika, lakini haizuii marumaru kuliwa na tindikali, jambo ambalo wauzaji huwa hawalisemi kwa sauti kubwa. Ili kujua kama inahitajika, weka matone ya maji juu ya jiwe kwa dakika 10 hadi 15: pakiwa peusi, jiwe linafyonza. Paka dawa hiyo kwenye jiwe safi lililokauka vizuri, na ufute inayobaki juu kabla haijagandamana.

Bafuni, kausha kuta na sakafu kila baada ya kuoga, na usitumie siki kuondoa utando wa sabuni ikiwa mawe ni ya kundi la kwanza. Vilevile, usichanganye kamwe dawa ya klorini na amonia au tindikali, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Ukiona unga mweupe unaochomoza kutoka ndani ya jiwe, hizo ni chumvi zinazoletwa juu na unyevu. Zifagie zikiwa kavu, kisha utafute bomba linalovuja au ukuta unaopitisha maji, na usipake dawa ya kuziba vitundu mpaka unyevu huo uishe, la sivyo utaufungia ndani.