Pikapu ndogo ya kila siku na ya kuvuta karavani: anza na karavani

Matangazo ya pikapu Marekani hupigia debe uzito unaovutwa. Lakini pikapu ndogo mara nyingi hulemewa mgongoni kabla ya kushindwa kuvuta, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

1. Soma kibao cha karavani, yaani trela la kulala safarini. Tafuta GVWR, yaani uzito wa juu ikiwa imepakiwa. Achana na uzito wa karavani tupu: maji lita 100 tu ni kilo 100, bado mitungi ya gesi, vyombo na matandiko.

2. Piga hesabu ya uzito wa pua. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa karavani hukalia nyuma ya pikapu. Ikipungua 10, karavani huanza kupiga mkia barabarani. Hesabu kwa 13.

3. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Kisome kwenye gari lenyewe unalotaka kununua, kwa sababu paa la kioo au mfumo wa kuendesha magurudumu manne hupunguza namba hiyo hata kwa magari ya aina moja. Tuseme kimeandikwa kilo 544, na karavani ni kilo 1,800:

- pua: 234
- watu wanne, dereva akiwemo: 240
- chuma cha kuvutia na cha kugawa uzito: 35
- baiskeli na jenereta: 90

Jumla ni 599. Umezidisha kilo 55, hata kama pikapu hiyo imeandikwa kuvuta 2,268. Chuma cha kugawa uzito husawazisha ekseli, hakiongezi uwezo wa kubeba.

4. Sasa linganisha uwezo wa kuvuta. Ford Maverick ya kawaida huvuta kilo 907. Ikiwa na vifaa vya kiwandani vya kuvutia, 1,814. Honda Ridgeline 2,268. Ford Ranger yenye vifaa vyake hukaribia 3,400. Bakiza asilimia 20, zaidi kama karavani ni ndefu kwenda juu, maana upepo unaoikabili huchosha injini kuliko kilo.

5. Kagua vifaa, hasa kwa gari la mtumba. Kufunga ndoano kwa fundi hakuigeuzi Maverick ya 907 kuwa ya 1,814: ya kiwandani ina kipoza mafuta ya gia na uwiano tofauti wa gia ya mwisho. Hakikisha kuna soketi ya umeme wa trela ya pini saba na kidhibiti cha breki za trela. Majimbo mengi hudai trela liwe na breki zake likivuka kilo 1,361.

6. Pima maegesho yako. Maverick ina urefu wa mita 5.07, Ranger 5.35. Sentimita hizo 28 utazihisi kila jioni, karavani utaivuta wikiendi chache.

7. Kabla ya safari ya kwanza, pakia kila kitu, abiria wakiwemo, upite kwenye mizani ya malori. Ekseli ya nyuma ya pikapu ikizidi kiwango chake kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, hamisha mizigo ya bodi iende karavani, juu ya ekseli zake, kisha pima pua upya.