Namna ya Kumpima Mwanamichezo wa Chuo Kikuu Anayetuhumiwa kwa Mambo ya Fedha

Habari ya kwamba mchezaji wa chuo kikuu fulani cha Marekani amepokea fedha asizostahili humfikia shabiki ikiwa imebeba neno moja zito, kashfa, na neno hilo huwa limekwisha kutoa hukumu kabla maelezo hayajafuata. Mwongozo huu ni wa shabiki anayefuatilia mpira wa kikapu, mpira wa Kimarekani au riadha ya vyuo hivyo, awe Nairobi, Lubumbashi au Minneapolis, na ambaye angependa kusema jambo ambalo hatalionea haya baada ya miaka kumi. Swali ninaloomba alishike tangu mwanzo ni hili: katika fedha hizo, nani amedhulumiwa? Hatua zote nitakazozieleza ni njia za kulijibu, na ukishindwa kulijibu hujawa tayari kumhukumu mtu.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha sheria ya nchi na kanuni za chama. NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vikuu Marekani, kiliishi kwa zaidi ya karne moja kwa msingi wa michezo ya ridhaa: mwanafunzi angeweza kulipiwa masomo, chakula na malazi, lakini hakuruhusiwa kupata kipato kutokana na jina lake la uchezaji. Ndiyo maana mwaka 2010 A.J. Green, mpokeaji wa mipira wa Chuo Kikuu cha Georgia, alisimamishwa mechi nne kwa kuuza jezi yake mwenyewe kwa dola 1,000, huku jezi zenye namba yake, namba 8, zikiendelea kuuzwa na chuo. Tafuta aliyedhulumiwa katika biashara ile ya jezi, hutampata. Mnunuzi alipata alichokitaka, wachezaji wenzake hawakupungukiwa na kitu, na matokeo ya uwanjani hayakuguswa.

Sasa weka kando yake mambo ya Chuo Kikuu cha Arizona State mwaka 1994, ambako wachezaji wawili wa mpira wa kikapu walikubali fedha za wacheza kamari ili timu yao isishinde kwa tofauti ya pointi iliyotarajiwa. Hawakuombwa washindwe, waliombwa tu wapunguze ushindi, na mmoja wao alikuwa ameingia humo kwa sababu ya deni la kamari. Hilo ni kosa la jinai, na waliodhulumiwa wanahesabika: wenzao waliokimbia dakika arobaini bila kujua kinachoendelea, kocha wao, na watazamaji waliolipa kiingilio kuona mashindano ya kweli. Magazeti huyaita mambo yote mawili kashfa ya fedha. Shabiki makini hana budi kuyapa majina tofauti, kwa kuwa anayeyachanganya humwonea muuza jezi na kumpunguzia mzigo aliyeuza mchezo.

Hatua ya pili ni kutazama tarehe. Mwezi Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote tisa, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyobeba jina la mchezaji wa zamani aliyekishtaki chama hicho, na kuanzia Julai 1 mwaka huo wanafunzi wakaruhusiwa kujipatia fedha kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Mwezi Juni 2025 jaji wa shirikisho akaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mengi yaliyowahi kuwaangusha vijana yamekuwa kazi halali ya mchana kweupe.

Reggie Bush aliyaona mabadiliko hayo akiwa pande zote mbili. Alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, mwaka 2005 akiwa Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 2010 NCAA iliamua kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na manufaa mengine, ikiwemo nyumba ya kuishi wazazi wake, kutoka kwa watu waliotaka kuwa mawakala wake. Timu ikafungiwa michezo ya baada ya msimu kwa miaka miwili na kunyang'anywa nafasi 30 za ufadhili wa masomo, naye akairudisha tuzo. Aprili 2024 wasimamizi wa tuzo hiyo walimrudishia. Mimi sisemi kwamba kubadilika kwa kanuni kunafuta kila kitu kilichotangulia. Wachezaji waliokuja baada yake, ambao baadhi walikuwa bado shule ya sekondari yeye alipokuwa akicheza, ndio waliobeba adhabu ile ya miaka miwili, na kama kuna mtu aliyedhulumiwa katika habari ya Bush, ningewataja wao kabla ya kuitaja NCAA. Lakini ni vyema kujiuliza kama waliodhulumiwa waliumizwa na tendo la mchezaji au na namna adhabu ilivyogawiwa.

Hatua ya tatu: uliza ni mkono gani uliopokea. Mwaka 2010 ilibainika kwamba baba yake Cam Newton, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alikuwa ameomba fedha kutoka Chuo Kikuu cha Mississippi State ili mwanawe akacheze huko. Kijana akaenda chuo kingine, Auburn, na NCAA ikasema haikuona ushahidi kwamba alijua alichokifanya baba yake. Mashabiki wa timu pinzani waliendelea kumwimbia nyimbo za fedha msimu mzima. Katika jamii zetu tunajua vizuri jinsi mzazi anavyoweza kuzungumza kwa niaba ya mtoto bila kumwambia, hata katika mambo makubwa kama mahari, kwa hiyo hatuna sababu ya kuona ajabu kwamba kijana wa miaka ishirini na moja hakujulishwa.

Kuna pia mkono wa mwenzako. Timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Michigan ya mwaka 1991 hadi 1993 ilijulikana kwa wachezaji watano walioingia pamoja na kufika fainali mara mbili mfululizo. Mwaka 2002 Ed Martin, fundi umeme wa zamani wa kiwanda cha Ford aliyeendesha kamari haramu miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya magari Detroit, alikiri kwamba aliwapa wachezaji wanne wa Michigan jumla ya dola 616,000. Bendera za fainali zikashushwa ukumbini. Kwa miaka mingi nami nilisema "wale watano walilipwa", mpaka siku nilipokaa na kusoma majina: kati ya wanne hao, aliyekuwa mmoja wa wale watano ni Chris Webber peke yake, na wengine watatu walichezea chuo hicho katika miaka iliyofuata. Jalen Rose, Juwan Howard, Jimmy King na Ray Jackson hawakuwamo katika orodha hiyo. Tunapenda kusema samaki mmoja akioza wote wameoza, na huo ni ushauri mzuri kwa mwenye kapu la samaki. Kwa binadamu wanne waliopoteza rekodi za jasho lao kwa fedha za orodha wasiyokuwamo, ni dhuluma juu ya dhuluma. Hata kwa Webber mwenyewe pambanua: kosa alilokiri mahakamani mwaka 2003 lilikuwa la kuidharau mahakama kwa kutosema kweli mbele ya jopo la uchunguzi, wala halikuwa la kupokea fedha.

Hatua ya nne ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, nayo ni kujua kesi imefikia wapi. Kutajwa, kuhojiwa, kushtakiwa, kukiri na kutiwa hatiani ni mambo matano, na umbali kati ya la kwanza na la mwisho unaweza kuwa maisha ya mtu.

Connie Hawkins alikuwa kijana wa Brooklyn, New York, mwenye kipaji cha mpira wa kikapu ambacho waliomwona hawakukisahau. Mwaka 1961 alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Iowa, na kwa kanuni za wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu ya chuo, maana yake hakuwa na mechi ya kuuza hata kama angetaka. Alikuwa amekopa dola 200 kutoka kwa Jack Molinas, mchezaji wa zamani aliyekuja kujulikana kuwa kinara wa kupanga matokeo, na kaka yake alikuwa amezilipa fedha hizo kabla ya mambo kufichuka. Hakukamatwa wala hakushtakiwa. Jina lake lilitajwa tu katika uchunguzi. Iowa ikamwondoa, vyuo vingine vikamkwepa, na NBA, ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa kikapu Marekani, ikamfungia mlango. Akazunguka na timu za maonyesho na ligi ndogo katika miaka ambayo miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote, mpaka alipoishtaki NBA, nayo ikakubali mwaka 1969 kumlipa zaidi ya dola milioni moja na kumruhusu acheze. Alipovaa jezi ya Phoenix Suns alikuwa na umri wa miaka 27. Lisemwalo lipo, walisema watu, na lililokuwapo lilikuwa mkopo wa dola mia mbili uliokwisha kulipwa.

Usidhani hayo yamepita. Mwaka 2023 wanamichezo kadhaa wa vyuo vya Iowa na Iowa State walishtakiwa kuhusiana na kamari ya mtandaoni. Wengine walikiri kosa dogo la kucheza kamari kabla ya kutimiza umri wa miaka 21 wakalipa faini. Machi 2024 waendesha mashtaka walifuta kesi za wanne baada ya kuonekana kwamba wapelelezi walitumia programu ya kufuatilia mahali simu zilipo kupita mipaka waliyoruhusiwa. Habari ya kufutwa haikusambaa kama ile ya kushtakiwa, kwa hiyo shabiki aliyeieneza ya kwanza ana wajibu wa kuieneza ya pili kwa watu walewale. Andika tarehe ya tuhuma mahali, kisha rudi uitazame baada ya miezi sita na tena baada ya mwaka.

Hatua ya tano ni kuwatafuta watu wazima. Desemba 2010 wachezaji watano wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Ohio State walibainika kuuza zawadi zao za ushindi na kupata fedha na tatuu. Walisimamishwa mechi tano za msimu uliofuata, lakini wakaruhusiwa kucheza Sugar Bowl ya Januari 2011, mchezo mkubwa wenye mapato makubwa. Baadaye ikajulikana kwamba kocha wao alikuwa na habari hizo kwa barua pepe tangu Aprili, na alizificha; alijiuzulu Mei 2011. Vijana waliuza mali iliyokuwa yao. Aliyekuwa na mshahara wa mamilioni alitia sahihi hati akisema hajui lolote, na kwa hukumu yangu uzito uko kwake.

Ukimaliza hayo, mvalishe mtuhumiwa jezi nyingine. Mkuki kwa nguruwe mtamu: shabiki wa Ohio State aliyesema "ni watoto tu" aseme hivyohivyo kuhusu mchezaji wa Michigan, na kinyume chake. Likikushinda, hukuwa ukihukumu kosa, ulikuwa ukihukumu rangi ya jezi. Na mara nyingine ni rangi ya ngozi, kwani utafiti wa wanasayansi wa siasa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Wamarekani weupe wenye chuki zaidi dhidi ya weusi ndio waliopinga zaidi wachezaji wa vyuo kulipwa.

Limebaki jambo linalowagusa wachezaji waliotoka kwetu, nalo ni viza ya mwanafunzi. Mkenya anayekimbia riadha katika timu ya chuo cha Marekani, au Mkongo anayecheza mpira wa kikapu, kwa kawaida yuko huko kwa viza inayombana sana asifanye kazi nje ya masomo, hivyo tangazo ambalo mwenzake Mmarekani analipwa waziwazi laweza kumweka yeye matatani na uhamiaji. Ukisikia kwamba mchezaji wa namna hiyo "amechukua fedha", uliza kazi ilifanyika nchi gani. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyechaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka 2022 akiwa Kentucky, alifanya kazi zake za matangazo Agosti mwaka huo timu ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Asiyeijua sheria ya viza angedhani kijana alikwenda visiwani kuficha kitu, ilhali alikwenda kufanya kazi mahali aliporuhusiwa kuifanya.