Kabla hujakata jani la mshubiri

"Shikamoo mama, nataka alovera ya kunywa."

Wateja wangu wengi huanza hivyo. Nauza miche chini ya mwembe hapa Tabora mjini, upande wa kuelekea stesheni: miparachichi, milimao, maua ya kila aina, na mstari mzima wa mishubiri, ndiyo hiyo alovera, niliyoipanda kwenye makopo ya rangi. Anayetaka wa kupaka namuuzia palepale. Anayetaka wa kunywa namsogezea kigoda kwanza, maana nina swali moja na jibu lake huwa halitoki haraka: nyumbani kwako nani anakunywa dawa gani za hospitali?

Tuanze na mmea wenyewe, kwa sababu wapo wanaokosea hapo hapo mwanzoni. Alovera ya bustanini ina majani manene ya kijani kilichopauka, yamejaa maji, na ikikomaa hutoa maua ya njano. Mishubiri ya porini iko ya aina nyingi, mingi ina maua mekundu, na utomvu wake unaweza kuwa mkali kuliko huu wa nyumbani. Huo wa porini mimi siuzi wala simwambii mtu anywe. Kuna bwana mmoja aliniletea jani akitaka nimthibitishie. Kulishika tu nikajua ni mkonge mchanga. Utomvu wa mkonge unawasha ngozi vibaya sana. Ukiona jani ni gumu, lina nyuzi ndani na ncha yake inachoma kama sindano, liache.

Haya, kisu. Chagua jani la nje, la chini kabisa, lililonenepa. Kata karibu na shina, kisha lisimamishe ndani ya glasi, mkato ukiwa chini, uliache kama nusu saa. Utaona maji ya njano yanachuruzika, yakikaa yanageuka kahawia. Hiyo ndiyo shubiri, ile tunayoitaja tukisema kitu ni kichungu. Ndiyo bibi zetu walipaka kwenye chuchu mtoto aache ziwa. (Msiipake jamani. Mtoto anaimeza, na tumbo lake si la kuchezewa.) Ikishakwisha kutoka, kata miiba ya pembeni, menya ganda la kijani, utabaki na ute unaong'aa kama ute wa yai. Uoshe kwa maji safi mpaka usione tena rangi ya njano.

Kwa hiyo jani moja lina maji ya aina mbili, na kazi zake ni mbili tofauti. Ute ni wa ngozi. Shubiri ni ya tumbo, na ndiyo yenye matatizo.

Ute nausifia bila kuona haya. Ukiungua kidogo na sufuria au mvuke wa chai, weka kwanza sehemu iliyoungua chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Hakuna kuruka hatua hiyo, na dawa ya meno iache kwenye mswaki. Baada ya hapo paka ute, unapoza na kupunguza mkazo wa ngozi. Jua letu la mwezi wa kumi nalo likikuchoma shingo, ute unasaidia. Ila ujaribu kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku moja; ngozi za wengine huwashwa, hasa watu wanaodhurika na vitunguu. Malengelenge makubwa, mtoto mdogo aliyeungua, au kidonda kilichochimbika: usipake kitu, nenda hospitali. Ute uliobaki usiuweke akiba kwenye kopo dirishani. Mmea upo nje, kesho utakata jani jingine.

Sasa kunywa.

Mama yangu ana tatizo la moyo. Alikuwa anakunywa dijoksini, pamoja na frusemaidi, kile kidonge cha kukojoza ambacho wengi wanakiita Lasix. Akapata choo kigumu. Jirani, kwa wema wake, akaleta chupa ya jani zima lililosagwa na ganda lake, limechanganywa na asali ya Sikonge ili lishuke. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Choo kikafunguka, tukashangilia. Siku ya tano mama akawa anaharisha, miguu haina nguvu, kila chakula anakikataa. Siku ya sita jioni akaniuliza kwa nini taa ya sebuleni imekuwa ya njano. Ilikuwa taa nyeupe ile ile.

Hospitali muuguzi aliniuliza mara tatu kama mgonjwa amekunywa dawa yoyote ya kienyeji. Mara tatu nikasema hapana. Mimi, muuza miche! Niliona aibu. Alipouliza mara ya nne nikatoa chupa kwenye mkoba.

Nilivyoelezwa baadaye ni hivi, na nimekuwa nikiwaeleza watu tangu siku hiyo. Shubiri ina kitu kinaitwa aloini. Ikifika kwenye utumbo mpana, vijidudu vya huko vinaivunja, na kilichovunjwa kinausukuma utumbo ufanye kazi kwa nguvu. Ndiyo maana ukiinywa usiku haikusumbui mpaka kunapokucha. Huchukua kama saa 6 hadi 12. Kuhara kunatoa maji, na kunatoa madini ya potasiamu. Frusemaidi nayo inatoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Mama akawa anaipoteza kwa milango miwili. Na potasiamu ikishuka, dijoksini ile ile ya kila siku, kipimo kile kile, inakuwa kali kuliko moyo unavyoweza kuivumilia. Kichefuchefu, kuona njano, mapigo yanayorukaruka: hizo ndizo dalili zake.

Watu hunijibu: "Basi nitakunywa dawa asubuhi, shubiri usiku, hazitakutana." Zinakutana. Kupishanisha saa kunasaidia dawa zinazogombana tumboni. Hizi zinagombana kwenye damu, na potasiamu iliyotoka jana usiku leo asubuhi bado haipo.

Binti ya dada yangu anauza kwenye duka la dawa muhimu, yeye ndiye aliyenisaidia kupanga orodha ninayouliza pale kwenye kigoda. Vidonge vya presha vya kukojoza, ikiwemo haidroklorotiazidi, viko kundi moja na Lasix. Predinisoloni, ambayo wenye pumu na wenye baridi yabisi wanaijua, nayo hupunguza potasiamu. Wagonjwa wa sukari ndio wananisumbua zaidi, kwa sababu wameambiwa alovera inashusha sukari, na kweli inaweza kuishusha. Tatizo liko hapo hapo. Aliyekwisha kunywa glibenklamidi au kuchoma insulini akaongeza juu yake glasi ya ute, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo mpe chai ya sukari kama bado anaweza kumeza, kisha mkimbize. Metformini, dawa nyingine ya sukari, yenyewe huwaharisha wengine. Kuiongezea shubiri ni kujitafutia kulala chooni.

Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, isichanganywe kabisa; wenye kuitumia wanajua wanavyopimwa damu mara kwa mara. Vidonge vya uzazi wa mpango, ARV na dawa nyingine za kila siku: ukiharisha sana, kidonge kinaweza kupita kabla mwili haujakifyonza. Unayetarajia kupasuliwa mwambie daktari mapema, wengi hushauriwa kuacha wiki mbili kabla. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto chini ya miaka 12, mwenye vidonda vya utumbo au figo mbovu, hata kama hanywi kidonge chochote: shubiri hapana. Kwa hawa sibishani, namrudishia pesa.

Wapo wanaoniambia kitu cha asili hakina madhara. Marekani, mwaka 2002, mamlaka yao ya chakula na dawa iliamuru dawa za kulainisha choo zenye shubiri ziondolewe madukani, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Na jani zima lililosagwa bila kuondolewa ule utomvu limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa vinasababisha saratani. Wale vijana wanaosaga jani na ganda lake kwenye blenda na kuuza kwa glasi wananichukia nikisema hivi, lakini nawaambia wao kwanza.

Kwa choo kigumu, kabla ya yote: maji, mapapai, mboga za majani, na kutembea. Mama sasa anakula papai kila jioni. Mwenye moyo au figo aulize kwanza kiasi cha maji anachoruhusiwa.

Kuku? Ndiyo, wengi hununua kwa ajili ya kuku, wanakatakata jani kwenye maji ya kunywea wakati wa mdondo. Mimi chanjo ndiyo naiamini.

Na kama tayari umekunywa ukaanza kulegea miguu, mapigo kwenda ovyo au kuharisha kusikokatika, usiende hospitali mikono mitupu. Beba chupa, beba jani, beba na pakiti zote za vidonge ndani ya mfuko mmoja, uvimwage mezani kabla hujaulizwa.

Mche ni shilingi elfu mbili. Mwagilia mara moja kwa wiki, ukizidisha unaoza mizizi. Kopo unirudishie.