Kurudisha msitu wa asili palipo na mikaratusi, vilima vya Bukavu

Kabla ya kukata mti wowote, pita chini ya mikaratusi ukatafute miche ya asili iliyojiotea. Ndege huangusha humo mbegu za Maesa lanceolata na miti mingine. Kila mche uwekee kijiti chenye kitambaa, la sivyo wakataji wataukanyaga. Palipo na miche mingi usipande kitu.

Usifyeke shamba lote kwa mara moja. Kwenye miteremko ya Kabare udongo utateremka na mvua ya kwanza, na jua kali litaleta magugu yatakayofunika miche. Fungua nafasi za mita 20 hivi, ukianzia karibu na chemchemi na vijito, kwa kuwa mikaratusi hunywa maji mengi. Iliyobaki iondoe kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kata wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, na matawi uyalaze kukingama mteremko ili yazuie udongo.

Kazi kubwa ni visiki, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mkaratusi uliokatwa huchipuka upya, na kubandua gome kuzunguka shina hakusaidii, maana machipukizi hutokea chini ya jeraha. Kata chini kabisa, kisha ng'oa machipukizi kila yanapofika gotini, miaka miwili mfululizo. Ukiyaacha msimu mmoja tu, majani yatairudishia mizizi akiba yake na utaanza upya.

Mvua ikishika, Septemba au Oktoba, panda miti inayokua haraka: Polyscias fulva, Albizia gummifera, Macaranga. Mashimo yawe sentimita 40 kila upande, umbali mita 2.5, yaani miche 1,600 kwa hekta. Prunus africana na Podocarpus zisubiri mwaka wa pili au wa tatu, zipate kivuli chepesi. Mbegu za Prunus hazihifadhiki: osha nyama ya tunda, zianike kivulini, zipande mara moja. Hagenia iachie milima ya juu zaidi.

Palilia kwa duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara tatu kwa mwaka, na mbuzi wafungwe.

Tafadhali acha ukanda wa mikaratusi karibu na njia, kwa ajili ya kuni, mbao na makala. Jirani asiye na pa kukata kuni atakuja kukata miche yako, na hatuwezi kumlaumu.