Wanzuki wa kugawa Krismasi

Kama unataka kuwapa jirani wanzuki, pombe yetu ya asali, Krismasi, usingoje Desemba. Mimi dumu langu la lita 20 hulianza Agosti, asali ya Sikonge, kule Tabora, ikiwa bado inanunulika. Wanzuki wa wiki moja ni wa kilabuni. Wa zawadi uache utulie miezi mitatu hivi, machicha yashuke na ule ukali wa hamira upungue.

Kosa ni kufunga chupa wakati pombe ingali inachemka kwa hamira. Mwaka juzi tatu zilinipasukia kabatini usiku, mama watoto akajua tumevamiwa. Siku hizi nangoja mapovu yaishe kabisa, navuta kwa mpira bila kugusa machicha, kisha nakoroga sukari ya kuipa gesi, gramu 6 kwa kila lita, basi. Chupa ziwe zile nene za bia, safi, na juu uache nafasi ya vidole viwili.

Moja jaza ya plastiki, ya soda, uwe unaibonyeza kila siku. Ikikaza kama mpira wa miguu, ujue na wenzake wana gesi: zipeleke zote kwenye ubaridi. Huna friji? Zilaze kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya mwembe.