Mume wangu, Vietnam na fomu za saratani

Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani kule Vietnam mwaka 1969. Siku hizi tunaishi Gangilonga, Iringa, na ana saratani ya tezi dume. Kama nawe una mzee wa namna hii nyumbani, tangulia na fomu 21-0966 ya VA, idara ya Marekani inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi wake. Ni taarifa tu kwamba mtadai fidia ya ugonjwa, ila inawatunzia tarehe mwaka mzima. Mkikubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu hapo.

Halafu tafuta DD-214, cheti chake cha kuondoka jeshini. Cha kwetu tulikikuta kwenye kopo la biskuti, chini ya risiti za mbolea, kona imeliwa na mende. Ndiyo roho ya dai, maana aliyekanyaga Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975 hatakiwi kuthibitisha kwamba Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyopulizwa vitani na inayohusishwa na saratani hii, ilimgusa. Inachukuliwa kuwa ilimfikia.

Hospitalini dai majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye tezi (biopsy), si kile kikaratasi cha "anaendelea vizuri" nilichopewa mimi mara ya kwanza. Mwisho jaza 21-526EZ, fomu ya dai lenyewe, ambatanisha vyote, tuma mtandaoni. Cheti halisi usikitume.